Rigby, Remington, Jeffery au Lott: bunduki ipi baada ya .375?

Swali: Ndugu mtaalamu, salamu. Nina bunduki ya .375 H&H, uzito kilo 4.3 pamoja na darubini, na nimeshaangusha nyati watatu nayo. Sasa nataka kupanda ngazi moja. Nimeonyeshwa bunduki mbili zilizokwisha tumika. Moja ni .416 Remington Magnum, kilo 4.1, mtutu wa sentimita 56. Nyingine ni .416 Rigby, kilo 4.7, mtutu wa sentimita 61. Uzito wote ni pamoja na darubini. Rafiki mmoja ananiambia niziache zote nitafute .458 Lott, mwingine anaisifu .404 Jeffery. Nikisoma majedwali ya .416 hizi mbili sioni tofauti ya maana. Nitawinda nyati zaidi, na labda tembo mara moja. Risasi hununua za kiwandani, sijazi mwenyewe. Nichukue ipi?

Jibu:

Ndugu yangu, macho yako hayakukudanganya. Namba hizi za kaliba, kama .375 na .416, hutaja unene wa risasi kwa sehemu za inchi. .416 Rigby ilitoka mwaka 1911. .416 Remington Magnum ilikuja 1988, na ilibuniwa makusudi ifanye kazi ileile ya mkubwa wake kwa ganda dogo zaidi. Zote mbili hutumia kichwa (kile kipande kinachoruka kwenda kwa mnyama) cha kipenyo kimoja, milimita 10.6, chenye uzito wa greni 400, yaani gramu 26, na zote hukitoa mtutuni kwa mwendo wa futi 2,400 hivi kwa sekunde, sawa na mita 730. Nyati aliyepigwa kwa mita 50 hana namna ya kujua ganda lililobaki ndani ya bunduki lilikuwa la umbo gani. Kwa hiyo ipi ina nguvu zaidi si swali tena. Jiulize ipi kati ya hizi mbili, hizi hasa ulizoonyeshwa, itapakia risasi ya pili bila kukwama, itatoa ganda tupu kwa urahisi saa nane mchana kwenye jua kali, na haitakufanya uogope kuifyatua. Majibu yamo kwenye ganda, kwenye mtambo (ile sehemu ya chuma yenye bolti inayopakia na kufunga risasi) na kwenye mizani.

Kabla ya hapo, tuitendee haki .375 yako. Holland & Holland waliitoa mwaka 1912, na mpaka leo ndiyo kipimo cha chini katika nchi nyingi za Afrika zinazoruhusu uwindaji wa wanyama hatari. Zimbabwe, kwa mfano, hudai kipenyo kisichopungua milimita 9.2 na nguvu ya kilojouli 5.3 kwa tembo, nyati na kiboko. .375 yenye kichwa cha greni 300 kinachokwenda futi 2,530 kwa sekunde ina kilojouli 5.8 hivi, kwa hiyo inavuka mpaka huo bila shida. Ukipanda kwenda .416 unapata kichwa kizito kwa theluthi moja zaidi, na uso wa kichwa unaongezeka kwa asilimia 23. Kichwa cha greni 400 cha kipenyo hicho kina uzito mwingi zaidi nyuma ya kila milimita ya uso wake kuliko cha greni 300 cha .375, na hilo humsaidia mwindaji pale nyati anapoondoka na njia pekee ya kufika moyoni ni kupitia tumbo lililojaa majani. Hiyo ndiyo faida yenyewe, na ni ya kweli. Lakini haisahihishi risasi iliyopiga pabaya. Nyati aliyepigwa utumbo kwa .416 atakimbia na kukuvizia kichakani sawasawa na aliyepigwa utumbo kwa .375.

Kuna imani inayozunguka kambini kwamba kuna risasi za kumwangusha nyati chini kwa kishindo tu. Hakuna. Msukumo wa kichwa kinapotoka mtutuni hauzidi ule unaolipiga bega lako wakati uleule. Kama ungetosha kumlaza mnyama wa kilo 700, wewe ungelazwa kwanza. Nyati huanguka kwa sababu moyo au mapafu yametobolewa, au uti wa mgongo umevunjwa, na kila tunachokizungumza hapa chini kinahudumia shimo hilo moja.

Ganda na joto

Turudi kwenye yale maganda mawili, maana hapa ndipo tofauti yenyewe ilipo. Rigby walitengeneza ganda kubwa mno kuliko lililohitajika. Zama zile baruti ilikuwa kodaiti, ambayo shinikizo lake hupanda sana kukiwa na joto. Risasi iliyojaribiwa kwenye baridi ya Uingereza ingeweza kulibana ganda ndani ya chemba (tundu la nyuma ya mtutu linaloshika risasi) ikifyatuliwa kwenye joto la tropiki. Dawa yao ilikuwa nafasi: ganda lenye tumbo pana, baruti nyingi, shinikizo dogo. Kodaiti imeondoka lakini nafasi imebaki. Kiwango cha juu cha shinikizo kilichowekwa Ulaya kwa .416 Rigby ni megapaskali 325. Kwa .416 Remington Magnum ni 430. Mwendo ni uleule na kichwa ni kilekile, ila Remington inaufikia mwendo huo ikiwa imejikaza karibu na mwisho wa kamba.

Hili lina maana gani mkononi? Ganda la shaba likisukumwa na shinikizo kubwa hujibandika kwenye kuta za chemba, na kulitoa kunahitaji nguvu zaidi kwenye mkono wa bolti. Risasi ya kiwandani iliyo nzuri, katika chemba safi, hutoka vizuri hata kwa megapaskali 430; .375 yako yenyewe imewekewa kiwango hichohicho na haijakuletea taabu. Taabu huanza mambo yanapojumlishana. Risasi zimelala juu ya dashibodi ya gari tangu asubuhi, chemba ina vumbi au mafuta, na aliyezijaza alitafuta mwendo wa ziada wa futi 50 kwa sekunde. Kwenye Rigby makosa hayo matatu yatakupa bolti nzito kidogo. Kwenye Remington yanaweza kukupa bolti inayogoma kufunguka. Ukiichukua Remington, beba risasi kwenye mkoba wa ngozi au kitambaa kivulini, futa mafuta chembani kabla ya kutoka, na usiwe na haya kutumia risasi zilizopunguzwa hadi futi 2,300. Kwa umbali wa nyati huoni tofauti yoyote.

Jambo lingine la ganda ni mkanda. Remington ina mkanda wa shaba kuzunguka kitako cha ganda, urithi wa .375 H&H. Katika .375 una kazi, kwa sababu bega la ganda lile, yaani pale linapopungua unene kuelekea shingoni, limelala sana na haliwezi kulizuia ganda lisiingie mbali mno. Remington ina bega la kutosha, kwa hiyo mkanda umebaki kama urithi tu. Wewe hujazi risasi, basi haukuhusu sana. Ila ukija kununua risasi zilizojazwa upya na mtu mwingine, angalia ganda juu kidogo ya mkanda. Ukiona pete inayong'aa, ganda limeshavutika na linakaribia kukatika vipande viwili ndani ya chemba. Tupa.

Mizani na teke

Hapa wengi hushangaa. Kichwa kimoja, mwendo mmoja, lakini teke, yaani pigo la bunduki begani, si moja. Rigby huunguza greni 95 hadi 100 za baruti, Remington karibu 78, na gesi ya baruti hiyo nayo husukuma bunduki nyuma. Ukizipima zote mbili kwenye bunduki ya kilo 4.5, teke la Remington linakuja jouli 70 hivi, la Rigby jouli 79. Ukiishia hapo utasema Remington ni laini.

Lakini wewe hukuonyeshwa bunduki za uzito mmoja. Rigby ya kilo 4.7 itakupiga kwa jouli 76. Remington ya kilo 4.1, hata baada ya kupoteza mwendo kidogo kwa ufupi wa mtutu, itakupiga kwa jouli 75. Ni sawa kabisa, na tena Remington hiyo itarudi kwa kasi zaidi kwa sababu ni nyepesi, na kasi ndiyo inayouma shavuni. .375 yako ya sasa ina jouli 52 hivi. Kwa hiyo bunduki yoyote utakayochukua kati ya hizi mbili, jiandae kwa teke lililoongezeka karibu nusu ya ulilozoea. Mtutu wa sentimita 56 nao utakupunguzia futi 50 hivi kwa sekunde ukilinganisha na ule wa 61. Nyati hatazihisi, ila masikio yako yatausikia mlipuko ulio karibu zaidi.

Tafadhali usikubali kufungiwa kipunguza teke mdomoni mwa mtutu. Kinapunguza teke kweli, lakini kinarusha mlipuko pembeni na nyuma, palipo na mfuata nyayo na mwindaji bingwa anayekuongoza, ambao hawakuvaa kinga za masikio. Wawindaji bingwa wengi hawataki kusimama kando ya bunduki yenye kitu hicho, na wana haki.

Mtambo

Kitako cha ganda la Rigby kina kipenyo cha milimita 15, na risasi nzima ina urefu wa milimita 95. Remington ina kitako cha milimita 13.5 na urefu wa milimita 91, vipimo vya .375 H&H hasa. Kwa sababu hiyo Remington huingia kwenye mtambo wowote uliojengewa .375, wakati Rigby hudai mtambo mrefu na mpana uliotengenezwa kwa ajili yake. Bunduki ya Rigby iliyojengwa juu ya mtambo wa Mauser wa kawaida, uliochongwa ili urefuke, iogope. Fundi akitafuta nafasi ya risasi ndefu hulazimika kukata chuma mbele ya magazini, karibu na mahali ambapo jino la chini la bolti hupumzika. Chuma hicho ndicho kinachoizuia bolti isirudi usoni kwako. Uliza mtambo ni wa nani na wa urefu gani, na kama muuzaji hana jibu, fungua mbao na mpelekee fundi wa bunduki aupime.

Unene wa Rigby una gharama nyingine: katika magazini ya upana uleule zinaingia chache. Bunduki nyingi za Rigby hubeba tatu chini na moja chembani. Zinatosha, ila mkono uzoee kuongeza moja moja kila unapopata nafasi.

Bega la ganda la Rigby ni kali, nyuzi 45, na risasi zenye bega kali huweza kugonga mdomo wa chemba badala ya kuteleza ndani kama magazini na njia ya kupakia havikusawazishwa vizuri. .375 huteleza kama samaki kwa sababu ya umbo lake la mteremko, na mtu aliyetoka huko hudhani bunduki zote zinapakia hivyo. Hazipakii hivyo. Rigby iliyotengenezwa vizuri hupakia bila kasoro. Iliyotengenezwa vibaya itakwama siku ya shida. Kwa hiyo jaribio nitakaloeleza baadaye lina uzito kuliko jina lililochorwa mtutuni.

Lott na Jeffery

Rafiki yako wa .458 Lott si mjinga. Historia yake inaanza na .458 Winchester Magnum ya mwaka 1956, ambayo ganda lake lilikuwa fupi mno kwa kichwa cha greni 500. Baruti ilibidi ishindiliwe, na ikikaa muda mrefu ilishikamana mabonge na kuungua vibaya. Risasi nyingine zilitoka dhaifu kuliko zilivyotangazwa. Jack Lott alirefusha ganda kutoka inchi 2.5 hadi 2.8 mwaka 1971 na tatizo likaisha. Lott halisi hutoa greni 500 kwa futi 2,300, kilojouli karibu 8. Uzuri wake mwingine ni kwamba chemba yake hukubali risasi za .458 Winchester ukikosa zake. Kwa tembo kwenye kichaka kizito, hasa kwa mwindaji bingwa anayemzuia mnyama anayekuja, ni chaguo zuri sana. Ila kwenye bunduki ya kilo 4.7 teke lake ni jouli 91, karibu mara mbili ya .375 yako. Watu wachache hulipiga teke hilo mara 200 kwa mwaka bila kuanza kufumba macho kabla ya risasi kutoka, na tembo mmoja tu wa "labda" si sababu ya kujitwika mzigo huo kwa nyati wote watakaofuata. .416 yenye kichwa kigumu hupenya fuvu la tembo vya kutosha.

.404 Jeffery naipenda, lazima niseme. Ganda lake lina mteremko mzuri na linapakia kwa ulaini, shinikizo lake ni la wastani, megapaskali 365, na kwa mwendo wake wa asili wa futi 2,150 teke lake ndilo pole kuliko yote tunayoyataja hapa ukiacha .375. Kwa miaka mingi lilikuwa risasi ya maofisa wa wanyamapori katika makoloni ya Uingereza, na halikupata sifa hiyo kwa matangazo. Kipenyo chake ni milimita 10.7 ingawa jina linadanganya, kwa hiyo vichwa vya .416 haviingiliani navyo hata kidogo. Kinachonizuia kukushauri uichukue ni sentensi yako ya mwisho, kwamba hujazi risasi mwenyewe. .404 ni bunduki ya mtu anayejaza. Za kiwandani zipo, lakini aina ni chache, na nyingine zimejazwa kwa mwendo wa zamani na nyingine wa kisasa, hivyo ukibadilisha boksi shabaha inahama.

.416 Ruger ya mwaka 2008, ambayo hukuitaja, hutoa mwendo uleule kwenye mtambo wa urefu wa kawaida. Ni risasi nzuri, ila mwenye nayo hutegemea watengenezaji wachache mno. Na .416 Weatherby yenye futi 2,700 ni teke la ziada kwa kazi ileile.

Kichwa cha risasi

Utakachopakia kina uzito kuliko jina la ganda. Kwa nyati, risasi ya kwanza iwe na kichwa laini kilichojengwa kwa nguvu, ambacho wawindaji hukiita softi: ama kile ambacho madini ya risasi yaliyomo ndani yameunganishwa na gamba la shaba, kama Swift A-Frame, ama cha shaba tupu kama Barnes TSX. Epuka kichwa laini cha kawaida kilichokusudiwa swala wakubwa. Kitafunguka juu ya mfupa wa bega na kukomea hapo. Risasi za pili na kuendelea ziwe vichwa vigumu, solidi, vyenye pua bapa. Pua bapa huenda mbele bila kupinda ndani ya mnyama, wakati pua ya mviringo huweza kuchepuka. Tahadhari moja: kichwa kigumu kinaweza kutoka upande wa pili na kujeruhi nyati aliyesimama nyuma. Kundi likiwa limesongamana, kisitumike mpaka mnyama wako atengane na wenzake. Kwa tembo ni solidi tangu ya kwanza.

Ukinunua, hakikisha laini na gumu vya uzito mmoja vinapiga mahali pamoja kwenye bunduki yako. Vikitofautiana zaidi ya sentimita 5 kwa mita 50, badilisha kimoja.

Jaribio la kufanya kabla ya kulipa

Nunua au azima risasi bandia tano za kila kaliba, zisizo na baruti wala fataki, zenye urefu na umbo la kichwa utakachotumia. Jaza magazini. Pakia na kutoa zote polepole, kisha kwa haraka kadiri unavyoweza, kisha bunduki ikiwa imelala ubavu wa kulia, wa kushoto, na juu chini. Rudia kwa vichwa vyenye pua bapa, maana hivyo ndivyo hukwama. Kwenye mtambo wa aina ya Mauser, risasi inapotoka magazini ndoano ya bolti, ile inayovuta ganda nje, inapaswa kuikamata papo hapo, kabla haijaingia chembani. Ukirudisha bolti nusu njia, risasi irudi nayo. Kisha dondosha risasi moja bandia chembani bila kupitia magazini na ufunge bolti. Ndoano nyingine hukataa kuruka juu ya ukingo wa ganda, na heri ulijue hilo sasa kuliko siku umebakiwa na risasi moja mkononi.

Kosa la kawaida la anayehamia Rigby haliko kwenye bunduki, liko mkononi. Bolti yake inasafiri mbali kuliko ya .375, na mkono uliozoea .375 husimama mapema. Ganda tupu halitoki, au risasi mpya haikamatwi, na bolti inafungwa juu ya chemba tupu. Dawa ni kuivuta kwa nguvu mpaka igonge mwisho, kila mara, hata nyumbani ukifanya mazoezi na risasi bandia.

Baada ya hapo toa bunduki kwenye mbao. Tazama nyuma kabisa ya mtambo, pale chuma kinapokutana na mbao: ufa mwembamba hapo ni dalili kwamba mtambo haukukaa sawa na kila teke linaupasua mti. Tazama pia mahali panapopokea teke, chini ya mtambo, kama mbao imepondeka. Bunduki ya .416 inayofaa ina sehemu ya pili ya kupokea teke chini ya mtutu na skrubu za kuvuka mbao. Gonga kifuniko cha magazini kwa kiganja. Kikifunguka, kitafunguka pia kwa teke na kumwaga risasi zako miguuni. Darubini iwe na nafasi ya sentimita 9 au zaidi kati yake na jicho, ikuze kuanzia mara 1 au 1.5, na vibano vyake vitoke kwa mkono ili ulenge kwa vilengeo vya chuma ikivunjika. Vilengeo hivyo navyo lazima vipimwe shabaha.

Mwisho, fyatua risasi tatu huku moja ikibaki magazini muda wote. Pima urefu wa iliyobaki kabla na baada. Teke hurusha risasi zilizomo mbele ya magazini, na kama mdomo wa ganda haukubanwa vizuri, kichwa huzama ndani. Kikizama, nafasi ya baruti inapungua na shinikizo linapanda. Kwenye Remington hilo ni hatari zaidi kwa sababu ile nafasi ya akiba ya Rigby haina. Risasi iliyofupika kwa milimita moja, boksi lake lote liache.

Ushauri wangu

Kati ya hizo mbili, chukua Rigby ya kilo 4.7, kwa sharti kwamba mtambo wake ni mrefu wa asili na imefaulu jaribio hilo lote. Teke lake ni sawa na la Remington ile nyepesi, shinikizo lake linakupa akiba siku ya joto, na uzito wake wa mbele husaidia mtutu kutulia ukiwa umekimbia mita 200. Ikishindwa jaribio kwa kukwama kwa pua bapa, na fundi hana uhakika wa kuirekebisha, chukua Remington bila majuto, ila iongezwe gramu 300 hadi 400 ndani ya mbao, sehemu ya nyuma na ya mbele, ili ifike kilo 4.5. .375 usiiuze mwaka huu. Kama baada ya miezi sita utakuta bado unapiga vizuri zaidi kwa .375, basi nenda nayo kwa nyati na uiache .416 nyumbani mpaka itakapozoeleka.

Mazoezi yafanye kwa kiasi. Risasi 10 kamili kwa siku zinatosha, ukiwa umesimama kwenye fimbo za miguu mitatu, wala si mezani, kwa sababu mezani mwili hauwezi kurudi nyuma na teke lote linaishia kwenye bega. Zilizobaki fyatua tupu kwa risasi bandia. Weka shabaha sawa kwa mita 75. Kutoka mita 20 hadi 100 kupanda na kushuka kwa kichwa ni sentimita chache tu, na nyati hapigwi mbali zaidi ya hapo. Lengo ni kupiga sahani ya sentimita 15 kwa mita 50, risasi mbili ndani ya sekunde tano, mara tisa kati ya kumi.

Safari ya ndege kwa kawaida huruhusu kilo 5 za risasi. Risasi moja ya Rigby ina gramu 54 hivi, kwa hiyo 60 ni kilo 3.2 na zinakutosha: 40 za softi, 20 za solidi, zote za tarehe moja ya kutengenezwa. Ukifika kambini, kabla hujapanda gari la uwindaji, fyatua mbili kwenye karatasi kwa mita 50. Darubini nyingi huhama ndani ya sanduku.